Makofi Yakishatulia

  Leo, msikilizaji wa Kuresoi, nina hoja kuhusu dakika chache ambazo tumezoea kuzitupa bure, zile dakika zinazofuata mchezo wa kuigiza unapokwisha.

Unajua inavyokuwa. Kikundi cha waigizaji kimefika sokoni au kwenye uwanja wa shule. Vijana wamecheza kwa bidii, watu wamecheka mpaka wakafuta machozi, akina mama wameweka vikapu chini, watoto wamejazana mbele kabisa kwenye nyasi. Mchezo umekwisha, makofi yamepigwa. Hapo kiongozi wa kikundi anashika kipaza sauti na kuuliza, "Haya wananchi, leo tumejifunza nini?" Mtu mmoja wa mbele, mara nyingi mwalimu mstaafu au mwenyekiti wa chama fulani, anainua mkono: "Tumejifunza kwamba amani ni muhimu." Makofi. Mwingine anasema, "Tumejifunza tusiuze shamba bila kushauriana na familia." Makofi tena. Kisha chifu anaombwa atoe neno la shukrani, anashukuru, anaongeza habari ya vitambulisho na baraza la Jumanne, na watu wanatawanyika.

Swali hilo, tumejifunza nini, mimi silipendi, na nitakwambia kwa nini. Linamrudisha mtu mzima darasani, aanze kutafuta jibu ambalo mwalimu tayari analo mfukoni. Anayejibu hata si lazima awe ameutazama mchezo. Angefika wakati wa makofi, akasoma maandishi ya bango lililofungwa nyuma ya jukwaa, na angejibu sawasawa. Lakini yule aliyeutazama kwa makini tangu mwanzo, aliyeona jambo likamkera au likamchoma moyoni, anaona jambo lake halifai kwa swali lililoulizwa. Anaondoka nalo, na huenda lilikuwa ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa mchana ule.

Ngoja nitunge mfano tuufuate pamoja. Tuseme vijana wa hapa kwetu wametayarisha mchezo kuhusu viazi. Mkulima amevuna viazi vyake aina ya shangi, vimelala chini kando ya shamba. Broka amefika na kanta. Bei ametaja yeye, na mizani hakuna. Sote tunajua kuwa kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini broka huyu amekuja na gunia lake na wavu wa kuongezea juu, ile lumbesa tunayoifahamu. Mkulima anabisha kidogo. Anatazama mawingu, anakumbuka barabara ikinyeshewa inavyokuwa, anakubali. Mkewe anachukua sindano ya gunia na kamba, anaanza kuushona ule wavu. Anashona pole pole, kwa ustadi, kona hii mpaka kona ile, na mwisho anaikaza kamba kwa meno. Broka anahesabu pesa, anampa mume. Mume anampa mke noti mbili, nyingine anazikunja na kuzitia mfukoni. Mchezo unaishia hapo.

Uliza watu wamejifunza nini, nao watakwambia kwamba lumbesa ni mbaya. Nani Kuresoi nzima hakulijua hilo?

Sasa badilisha swali. Uliza, "Mlicheka wapi?" Watu watanyamaza kidogo, watatazamana. Kisha mama mmoja atasema, "Mimi nilicheka pale alipokaza kamba kwa meno." Kwa nini ulicheka, mama? "Kwa sababu hata mimi hukaza hivyo hivyo." Hapo, msikilizaji, mazungumzo yameanza. Kijana atadakia: lakini huyu mama anajua kabisa kwamba anaibiwa, mbona anashona vizuri namna ile, si angeshona ovyo? Mwingine atamjibu kwamba akishona ovyo viazi vitamwagika njiani, na msimu ujao broka hatarudi. Binti aliyesimama nyuma atauliza kwa nini huyo mama hakuulizwa bei, na shamba amelima yeye. Mzee atamtetea mume: "Msimhukumu, zile pesa alizotia mfukoni ni za karo." "Mzee, umejuaje ni za karo, na mchezo haukusema?" "Nimeona alivyozikunja. Pesa ya pombe haikunjwi vile."

Angalia kilichotokea. Hakuna aliyehubiri. Watu wameurudia mchezo kwa macho yao, wameona mkono, kamba, meno na noti iliyokunjwa, na kutoka hapo wamefika kwenye bei, kwenye ndoa, kwenye umiliki wa mavuno, kwenye hofu ya kukosa mnunuzi. Wamefika mbali kuliko hata mtunzi alivyokusudia. Huenda kijana aliyeigiza mume alizikunja zile noti kwa mazoea tu, bila kuwaza karo wala pombe. Haidhuru. Mzee ameona alichoona, na sasa mwigizaji naye anajua kwamba mkono wake unasema hata asipoutuma.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tuanze na kilichoonekana. Kabla ya mafunzo, kabla ya maoni, tukumbushane mchezo wenyewe. Nani alisimama wapi? Nani hakusema neno tangu mwanzo hadi mwisho? Kulikuwa na kitu gani mkononi mwa yule mzee? Wapi ulitamani kupiga kelele umwambie mhusika asikubali? Maswali haya kila mtu anaweza kuyajibu, msomi na asiyesoma, kwa kuwa wote walikuwa na macho. Mtu akishasema alichoona, ulimi umefunguka, na kusema anachofikiri si kazi tena.

Na tujifunze kuvumilia kimya. Wanaoongoza mazungumzo haya huogopa kimya mno. Wameuliza swali, hakuna aliyejibu mara moja, basi wanajibu wenyewe au wanamwita mwalimu yule yule wa mbele. Kimya baada ya mchezo mzuri ni watu wanafikiri. Waache wafikiri.

Tena hadhira ina haki ya kuhukumu uigizaji wenyewe. Tumezoea kudhani kwamba kazi hiyo ni ya majaji wa tamasha la kitaifa la maigizo, lile lililoanza mwaka 1959, ambako shule hukaa na daftari kusikiliza waamuzi wakichambua sauti, maleba na matumizi ya jukwaa. Hata mtu wa sokoni anaweza kusema kwamba sauti haikumfikia, kwamba mchezo ulichelewa kuanza kunoga, kwamba yule aliyeigiza bibi kizee alitembea kama msichana. Kusema hivyo ni kumheshimu msanii. Kinachomvunja moyo kijana aliyefanya mazoezi mwezi mzima ni kuambiwa "mmefanya vizuri" na mtu ambaye hawezi kutaja hata tendo moja alilolitenda.

Hili la wananchi kuwasahihisha wasanii si geni Kenya. Ukitoka kwetu ukapita Nakuru na Naivasha ukaelekea Nairobi, utafika Limuru, na hapo kuna Kamĩrĩthũ. Mwaka 1977 wanakijiji wa pale, wengi wao vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani, walijenga jukwaa lao la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Watu hukumbuka zaidi yaliyofuata. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, leseni ikafutwa katikati ya Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 serikali ikalibomoa lile jukwaa. Hayo ni lazima yakumbukwe. Lakini mimi hurudi kwenye miezi iliyotangulia Oktoba, kwenye mazoezi.

Mazoezi yale yalifanywa hadharani. Mtu yeyote aliyepita aliweza kusimama akatazama, na aliyeona kosa aliweza kusema. Wazee waliopigana vita vya ukombozi waliwaeleza waigizaji jinsi bunduki zilivyokuwa zikitengenezwa msituni. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza mishahara na saa zao za kazi ili wahusika waseme ukweli. Waliokuwa na Kikuyu cha ndani walirekebisha maneno: mzee hasemi hivi, mzee husema vile. Mazungumzo hayakungoja mchezo ukamilike ndipo yaanze. Yalikuwa ndani ya mchezo, yakiujenga, na siku ya ufunguzi ilipofika wengi katika hadhira walikuwa tayari wanayajua maneno ya wahusika. Nadhani hilo ndilo lililowatisha wakubwa zaidi ya maandishi yenyewe. Mchezo ulipochapishwa baadaye kuwa kitabu, uliuzwa madukani. Kilichopigwa marufuku ni watu kukusanyika, kutazama na kubishana.

Na tukizungumzia marufuku, hatuwezi kuruka yaliyotokea hapa hapa Nakuru, mwezi Aprili mwaka 2025. Wasichana wa shule ya upili ya Butere walikuja kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Kwanza walikuwa wameondolewa kwenye mashindano, hadi Mahakama Kuu ikaagiza waruhusiwe. Usiku wa kuamkia siku yao, mwandishi alikamatwa alipojaribu kukutana nao. Asubuhi ya tarehe 10 Aprili polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya waliofika, na waandishi wa habari pamoja nao. Wasichana wakaingia ukumbini. Hapakuwa na vyombo vya sauti, mwelekezi wao hakuwapo, na watazamaji hawakuwapo. Waliimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Nimelifikiria tendo lile mara nyingi. Wasichana wale walikuwa na jukwaa na walikuwa na amri ya mahakama. Wangeweza kuigiza mbele ya viti vitupu, wakahesabiwa kuwa wameshiriki. Walikataa. Walisema waziwazi kwamba bila hadhira hawana wa kumwigizia. Watoto wa shule walituonyesha kwamba anayetazama ni nusu ya mchezo, na kwamba ukiiondoa nusu hiyo, nusu iliyobaki ni maneno tu yanayopigwa ukutani.

Lakini kuna upande wa pili ambao ni lazima tuuseme sisi wenyewe, watazamaji. Kwa majuma kadhaa nchi nzima ilibishana kuhusu Echoes of War. Kwenye matatu, kwenye vituo vya bodaboda, makanisani, na humu redioni pia. Je, ni wangapi kati yetu waliokuwa wameuona? Tulibishana kuhusu mwandishi ni wa chama gani, waziri alisema nini, nani alimtuma nani. Hoja hizo zina mahali pake, kwa sababu haki ya watoto kusema ni jambo zito. Hata hivyo, mchezo wenyewe, ambao ulihusu nchi ya kubuni inayojaribu kupona baada ya vita na vijana wanaowauliza wakubwa wao maswali, ulibaki bila kuzungumzwa. Hivyo ndivyo marufuku inavyotunyang'anya mara mbili. Inatuzuia kutazama, kisha inatuachia mabishano ambayo hayana mchezo ndani yake. Na tukizoea kubishana hivyo, siku tutakayoruhusiwa kutazama tutakaa ukumbini tukiwa tumeshaamua.

Sasa nifike pale pagumu, kwa sababu naongea na watu wa Kuresoi.

Sisi hapa tumekaa Wakipsigis, Wakikuyu, Wakisii, Waogiek na wengineo, mashamba yetu yamepakana, watoto wetu wanasoma darasa moja. Na sisi hapa tumechomeana nyumba. Mwaka 1992 moto uliwaka Molo na Olenguruone. Mwishoni mwa 2007, hata kabla kura hazijapigwa, watu wa Kuresoi walikuwa wameshaanza kukimbia makwao. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa Kenya nzima katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule, na eneo letu lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia vibaya. Tangu hapo vikundi vya maigizo ya amani vimepita huku, vikiigiza jirani na jirani, ng'ombe aliyepotea, mpaka wa shamba uliosogezwa, mwanasiasa na bahasha yake. Mchezo wa namna hiyo ukimalizika Kamwaura au Temoyetta, ukauliza watu wamejifunza nini, watakujibu "amani" kwa sauti moja. Watu hawa si waongo. Swali lenyewe haliwaachi waseme zaidi, na jibu la amani ndilo salama kuliko yote.

Mchezo una neema moja ambayo baraza la kawaida halina. Kuna mtu wa tatu. Mimi na wewe tulioumizana hatulazimiki kutazamana usoni na kusema ulinifanya hivi. Tunaweza kumzungumzia yule mhusika, jirani aliyesikia mlango ukigongwa usiku akazima taa. Kwa nini alizima taa? Aliogopa nini? Angefungua, nini kingetokea? Watu wawili waliokaa pande mbili za uwanja wanaweza kubishana kuhusu taa ile saa nzima, na kila mmoja akamsikia mwenzake kuliko alivyomsikia kwa miaka.

Ndiyo maana namwomba kila anayeongoza mazungumzo haya huku kwetu ashike sharti moja: usimtoe mtu kwenye mhusika kwa nguvu. Mama akisema, "Yule mwanamke wa kwenye mchezo hawezi kusahau nyumba yake," usimwulize, "Je, wewe yalikupata?" Kama anataka kusema, atasema kwa wakati wake. Ukimwuliza mbele ya umati umemvua nguo. Jirani yake aliyekuwa upande wa pili naye atajifunga, na wote waliokuwa wanakaribia kusema watarudi nyuma. Endelea na yule mwanamke wa kwenye mchezo. Nyumba yake ilikuwaje? Alitoka na nini mkononi? Mama anajua anachokizungumzia, na waliomzunguka wanajua. Hilo latosha kwa siku hiyo.

Tazama pia nani anasema na kwa lugha gani. Kiswahili kinatuunganisha, lakini kuna bibi ambaye jambo zito atalisema kwa Kipsigis au kwa Kikisii au hatalisema kabisa. Mwache aseme, kisha mtu anayeaminiwa na pande zote atafsiri, na atafsiri yote, hata lile neno chungu. Na ikiwa wanaume wamejaa mbele, wagawe watu kwanza, akina mama wazungumze peke yao chini ya mti mmoja, vijana chini ya mwingine, kisha warudi pamoja, kila kundi lichague wa kulisemea. Nimeshuhudia wanawake ambao hadharani hawakufungua kinywa, wakiwa wenyewe wanauchambua mchezo tendo kwa tendo, mpaka unatamani mwandishi angekuwapo asikie.

Kuna wanaokwenda mbele zaidi, wakamtoa mtazamaji kitini wakampandisha jukwaani. Njia hii inatoka kwa Augusto Boal wa Brazil, aliyefariki mwaka 2009. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyoigundua. Alikuwa Peru, mwaka 1973, kwenye mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma alikuwa akipewa na mumewe karatasi azitunze, akiambiwa ni hati za maana, kumbe ni barua za mpenzi wa pembeni. Jirani akamsomea, ukweli ukatoka. Afanye nini mume akirudi? Waigizaji walijaribu kila pendekezo la hadhira. Mwanamke mmoja katika hadhira akawa anatikisa kichwa tu. Alishauri kwamba mke aongee na mume "waziwazi kabisa". Mwigizaji akaongea kwa upole, akaongea kwa ukali, na yule mama bado hakuridhika. Boal akachoka, akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Mama akapanda, akashika fagio, akamtandika yule mwigizaji mume wa watu, kisha akaketi mezani akamwamuru amletee chakula. Boal alifahamu hapo kwamba kuna maoni ambayo maneno hayayabebi, na kwamba msikiaji anaweza kudhani ameelewa kumbe hajaelewa chochote.

Hapa kwetu vikundi vingi vimeichukua njia hiyo, na nimeona inavyochangamsha watu. Kwenye mchezo wetu wa viazi ningeitumia bila kusita. Apande mama yeyote, achukue sindano, atuonyeshe angefanya nini broka anapotoa wavu. Lakini kwenye mchezo wa nyumba zilizochomwa ningekwenda pole pole mno. Mtu akiigiza jambo lililompata kweli, mwili unalikumbuka kabla akili haijajiandaa.

Neno dogo kwa walimu. Shule zetu hupokea vikundi vinavyoigiza vitabu vya mtihani, Kigogo cha Pauline Kea hapo awali, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege baadaye. Wanafunzi hulipa, hujaa ukumbini, hucheka. Kisha huulizwa maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha. Mtihani upo, silaumu. Ila naomba robo saa tu kabla ya maudhui, mtoto aulizwe: yule mwigizaji amemfanya mhusika awe kama ulivyomwona ulipokuwa ukisoma? Wapi ametofautiana nawe, na nani kati yenu yuko sahihi? Mtoto atakayejibu hilo hatahitaji kukariri sifa za mhusika.

Nimalizie na jambo ambalo vikundi vingi havilifanyi. Nchini Tanzania, mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikaa na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo tayari. Waliwauliza watu wana tatizo gani, nalo likatajwa: wasichana wadogo kupata mimba. Wanakijiji wakatunga, wakaigiza, wakacheza ngoma, wakajadiliana, kisha wakarudi kuutazama mchezo wakiwa na yale waliyojadiliana. Huku Kenya nako, miaka ya 2000, kampeni za ukimwi zilileta maigizo ya magneti, ambapo kikundi kilirudi mahali pale pale, siku ile ile ya juma, ili watu wale wale waendeleze walichokiacha.

Kurudi ndiko kunakokosekana. Gari hupakiwa spika na pazia, vijana hulipwa posho, na yule mzee aliyesema juu ya noti zilizokunjwa hajui kama kuna aliyemsikia. Mwelekezi anapaswa kukaa na daftari wakati watu wanaongea, aandike. Kisha mchezo ubadilike. Mwezi ujao wakija Keringet, mke aulizwe bei, au aikatae sindano, au mizani iwepo na broka aikimbie, halafu watu waseme kama sasa ni kweli au ni ndoto ya vijana wa mjini. Kikundi kitakapofika kwenu, msikilizaji, kabla hawajafungasha, msogelee kiongozi wao umwulize: mtarudi lini, na mmeandika nini kati ya tuliyosema?